Jinsi ya Kufuatilia Ukaribu wa Magazeti, Polisi na Wanasiasa: Mfano wa Udukuzi wa Simu Uingereza

Kashfa ikilipuka, macho yote humkimbilia aliyetenda kosa. Anayetaka kuelewa ukaribu wa magazeti, polisi na wanasiasa aulize swali jingine: mbona ilichelewa hivi kulipuka?

Tarehe 8 Agosti 2006 polisi wa London walimkamata Glenn Mulcaire, mpelelezi binafsi aliyekuwa akilipwa na News of the World, gazeti la kampuni ya Rupert Murdoch, na aliyesikiliza kwa siri ujumbe wa sauti kwenye simu za watu. Walichukua kwake kurasa zipatazo 11,000 za maandishi: majina ya watu, namba za simu, namba za siri za kufungulia ujumbe wa sauti. Januari 2007 walifungwa watu wawili tu, Mulcaire na Clive Goodman, mhariri wa habari za familia ya kifalme wa gazeti hilo. Kurasa zile zikatiwa mifukoni, zikawekwa. Uchunguzi wa dhati, ulioitwa Weeting, ulianza tarehe 26 Januari 2011. Katikati pana takriban miaka minne na nusu, na humo ndimo mna kazi. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuipekua miaka kama hiyo, kwa kashfa yoyote, tukitumia ile ya Uingereza kwa sababu nyaraka zake nyingi ziko wazi na kila mtu anaweza kuzisoma.

Anza na uamuzi, si urafiki

Kosa la kwanza la wengi ni kukusanya picha za harusi, karamu na kupanda farasi pamoja. Ni mambo matamu kusimulia, lakini peke yake hayathibitishi lolote. Andika kwanza maamuzi: ni lini mtu mwenye mamlaka alichagua kutenda au kutotenda? Katika kesi hii maamuzi makuu hayazidi sita, nayo ndiyo misumari ya kutundikia mengine yote.

Mwaka 2006 polisi waliamua kuibana kesi ibaki na watuhumiwa wawili. Mwaka 2007 chama cha Conservative cha David Cameron, wakati huo cha upinzani, kiliamua kumwajiri Andy Coulson, aliyekuwa amejiuzulu uhariri wa News of the World mwezi Januari mwaka huohuo, awe mkuu wa mawasiliano. Tarehe 9 Julai 2009, siku moja baada ya gazeti la The Guardian kufichua kwamba kampuni ya Murdoch ilikuwa imewalipa kimyakimya baadhi ya walioathirika, Kamishna Msaidizi John Yates alitangaza kwamba hakuna ushahidi mpya wa kufungua jalada upya. Oktoba 2009 polisi walimpa kazi ya ushauri wa mawasiliano Neil Wallis, aliyekuwa naibu mhariri wa gazeti lilelile. Mei 2010 Coulson aliingia ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na Cameron, Waziri Mkuu mpya. Na kati ya Juni 2010 na Julai 2011 serikali ilipima ombi la News Corporation, kampuni mama ya Murdoch, la kununua asilimia 60.9 ya hisa za kampuni ya televisheni ya BSkyB ambazo haikuwa nazo.

Ukishakuwa na orodha hiyo, kila mlo na kila simu utaiuliza swali moja: wakati huo, aliyekaa mezani alikuwa anangojea uamuzi gani kutoka kwa mwenzake?

Jedwali, na safu ambayo wengi huisahau

Fungua jedwali kwenye kompyuta, mstari mmoja kwa tukio moja. Safu ziwe hizi: tarehe ya tukio, saa, kama inajulikana, mtu wa kwanza na cheo chake *siku hiyo*, mtu wa pili na cheo chake siku hiyo, mahali, nani alilipa, uamuzi uliokuwa unasubiriwa, chanzo na namba ya ukurasa, tarehe tukio lilipojulikana hadharani, kiwango cha uhakika.

Safu ya tarehe ya kujulikana ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayozungumza kuliko zote. Chukua mfano wa Milly Dowler, msichana wa miaka 13 aliyepotea Surrey, karibu na London, tarehe 21 Machi 2002 na baadaye kukutwa ameuawa. Polisi wa Surrey walijua tangu Aprili 2002 kwamba News of the World limepata ujumbe wa sauti wa simu yake, kwa sababu watu wa gazeti wenyewe waliwaambia. Umma ulijua tarehe 4 Julai 2011. Ukitoa tarehe moja kwenye nyingine unapata miaka tisa ya kimya, na kimya hicho hakikuwa cha gazeti peke yake.

Safu ya saa nayo usiidharau. Tarehe 21 Desemba 2010 waziri wa biashara Vince Cable alinyang'anywa jukumu la kuamua ombi la BSkyB baada ya waandishi waliojifanya wapigakura wake kumrekodi akisema ametangaza vita dhidi ya Murdoch. Jioni ileile jukumu likahamishiwa kwa Jeremy Hunt, waziri wa utamaduni. Mchana, kabla hajakabidhiwa, Hunt alikuwa amemtumia James Murdoch, mwana wa Rupert na mmoja wa wakuu wa kampuni, ujumbe wa simu wa kumpongeza kwa kibali cha ombi hilo alichopata kutoka Tume ya Ulaya huko Brussels. Ukiandika tarehe tu, matukio yote matatu yanaonekana kama rundo la siku moja. Ukiandika saa, mpangilio wake unaonekana. Siku mbili baadaye, tarehe 23 Desemba, Cameron alikula chakula cha jioni nyumbani kwa Rebekah Brooks, mtendaji mkuu wa News International, tawi la magazeti la Murdoch Uingereza, na James Murdoch alikuwepo. Mstari huo hausemi kwamba kuna aliyehongwa. Unasema kwamba Waziri Mkuu alikaa meza moja na mwombaji wakati ombi liko mezani kwa serikali yake, na hilo linatosha kuandikwa.

Kiwango cha uhakika gawa ngazi tatu: A kwa nyaraka ya wakati uleule au ushahidi wa kiapo usiopingwa, B kwa kauli ya mhusika mmoja, C kwa gazeti linalonukuu mtu asiyetajwa. Mstari wa C usiuchapishe peke yake. Uache ukusubiri.

Mahali pa kuchota

Anza na ushahidi wa kiapo. Tume ya Jaji Leveson, iliyoundwa na serikali kwa sababu ya kashfa hii, ilianza kusikiliza mashahidi Novemba 2011 na kutoa ripoti tarehe 29 Novemba 2012, vitabu vinne vya karibu kurasa 2,000. Kazi yake iligawanywa katika moduli: ya pili ni magazeti na polisi, ya tatu magazeti na wanasiasa. Usisome ripoti kwanza; soma maelezo ya mashahidi ya moduli unayoitaka pamoja na viambatisho vyake, maana humo mna shajara, baruapepe na risiti. Ripoti ni hukumu ya jaji, viambatisho ni malighafi. Vyote vimehifadhiwa kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza.

Pili, kamati za bunge. Tarehe 11 Machi 2003 Brooks, wakati huo mhariri wa The Sun, gazeti jingine la Murdoch, aliiambia kamati ya utamaduni ya bunge kwamba huko nyuma walikuwa wamewalipa polisi ili wapate habari. Maneno hayo yaliingia kwenye kumbukumbu rasmi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyafanyia kazi. Soma kumbukumbu za zamani za kamati kwa kutafuta maneno "lipa", "chakula", "mkataba" na jina la kitengo, si jina la mtu tu.

Tatu, rejesta. Tangu Julai 2011 mawaziri wa Uingereza hutakiwa kuchapisha kila robo mwaka mikutano yao na wamiliki, wahariri na wakuu wa vyombo vya habari. Ofisi ya Cameron ilipotoa orodha ya kwanza tarehe 15 Julai 2011, ilionekana amekutana na watu wa News International mara 26 katika miezi 15. Polisi nao wana rejesta ya zawadi na takrima, yaani ukarimu kama chakula na vinywaji. (Wasomaji wa Tanzania wanalijua neno hilo la mwisho vizuri: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, kwa sababu mstari kati yake na rushwa haukuonekana.) Ukisoma rejesta, tazama na visivyomo. Mikutano huandikwa "mazungumzo ya jumla", simu na ujumbe wa maandishi mara nyingi haviingii, na chakula cha nyumbani kwa jirani huhesabiwa urafiki.

Nne, ombi la habari. Sheria ya Uhuru wa Habari ya Uingereza ya mwaka 2000 inamruhusu mtu yeyote, popote alipo duniani, kuomba. Huhitaji kuwa raia wala kueleza sababu. Jibu linatakiwa ndani ya siku 20 za kazi. Kosa linaloua maombi mengi ni upana. Polisi wanaweza kukataa ombi ambalo kulitafutia majibu kungegharimu zaidi ya pauni 450, yaani saa 18 za kazi kwa pauni 25 kwa saa; kwa wizara kikomo ni pauni 600, saa 24. Kwa hiyo usiandike "mawasiliano yote kati ya polisi na magazeti". Andika: "Naomba nakala ya kurasa za rejesta ya takrima zinazomhusu mwenye cheo cha Kamishna Msaidizi, kuanzia 1 Julai 2009 hadi 30 Septemba 2009, pamoja na jina la mlipaji na thamani iliyoandikwa." Taja cheo, taja miezi mitatu, taja nyaraka kwa jina lake la ofisini. Ukipata majibu, omba miezi mitatu inayofuata.

Wakikataa kwa kifungu cha 30 cha uchunguzi, cha 31 cha utekelezaji wa sheria au cha 40 cha taarifa binafsi, omba mapitio ya ndani mara moja. Usingoje wiki nane zipite. Wakishikilia, nenda kwa Kamishna wa Habari. Kumbuka kwamba cheo cha juu hupunguza ulinzi wa faragha: hoja ya kifungu cha 40 ni dhaifu kwa kamishna kuliko kwa karani. Kwetu, sheria za Kenya na Tanzania, zote za mwaka 2016, zinatoa siku 21 na siku 30 kwa mfuatano huo, na ile ya Uganda ya 2005 siku 21. Haki hiyo huko ni ya raia, basi tia uthibitisho wa uraia mapema ili usipotezewe wiki.

Tano, hifadhi za zamani. Tarehe 4 Januari 1981 Murdoch alikula chakula cha mchana na Waziri Mkuu Margaret Thatcher huko Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu, wakati akitaka kununua gazeti la The Times. Kwa miongo mitatu ilielezwa kwamba wawili hao hawakuwasiliana katika kipindi hicho. Machi 2012 karatasi za Thatcher zilipofunguliwa, maandishi ya msemaji wake kuhusu mlo ule yalikuwemo. Karatasi ya mtumishi wa ofisi mara nyingi ni kweli kuliko kumbukumbu ya mkubwa wake.

Fuata ajira kabla ya chakula

Mkono mtupu haulambwi, lakini si kila mkono hubeba bahasha. Katika kashfa hii mkono mara nyingi ulibeba kazi. Andy Hayman, Kamishna Msaidizi aliyesimamia uchunguzi wa 2006, aliacha polisi Desemba 2007, kisha akaandika safu kwenye The Times, gazeti la kampuni ileile aliyokuwa ameichunguza. Na aliwaambia wabunge mwaka 2011 kwamba alikula na watu wa kampuni hiyo wakati uchunguzi unaendelea. Upande wa pili, Wallis alitoka gazetini akaenda polisi: siku mbili kwa mwezi, jumla ya pauni 24,000, hadi Septemba 2010. Mkataba huo ulianza miezi mitatu baada ya polisi hao hao kukataa kufungua jalada la gazeti lake la zamani.

Chora kila mtu kwa mstari mmoja wa maisha ya kazi: ofisi, mwezi wa kuingia, mwezi wa kutoka, anayemlipa. Weka mistari sambamba. Mahali miezi inapopishana kidogo, au inapofuatana bila nafasi ya kupumua, weka alama nyekundu. Kisha tafuta hati mbili: barua ya ajira au mkataba, na kibali cha ofisi kilichoruhusu. Mara nyingi kibali ndicho chenye habari, kwa sababu kinaonyesha nani aliulizwa na aliuliza nini. Kwa Wallis, aliyeombwa athibitishe kwamba hakuna cha kuwaaibisha polisi alikuwa Wallis mwenyewe, na aliyemuuliza ni Yates, rafiki yake.

Zawadi isiyo ya fedha ipimwe kwa bei ya soko. Kamishna Mkuu Paul Stephenson alikaa wiki kadhaa bila malipo kwenye hoteli ya afya ya Champneys akijiuguza, thamani yake takriban pauni 12,000. Wallis alikuwa akiifanyia hoteli hiyo kazi ya uhusiano. Stephenson alisema hakujua uhusiano huo, naye alijiuzulu tarehe 17 Julai 2011. Yates alimfuata kesho yake.

Hesabu zinavyodanganya, na maana zinavyobanwa

Mara 26 katika miezi 15 ni nyingi au kidogo? Huwezi kujibu bila kujua alikutana na wengine mara ngapi. Orodha ileile ina vyombo vingine. Hesabu zote, gawa kwa kampuni, ndipo useme. Polisi wa jiji kubwa lazima waongee na magazeti. Kinachoulizwa ni kama mlango ulikuwa wazi kwa mmoja zaidi ya wenzake.

Hatari kubwa kuliko hesabu ni maana ya maneno. Kwa miaka kadhaa polisi walisema waathirika ni wachache sana. Walishikilia tafsiri finyu ya sheria ya 2000 ya kunasa mawasiliano: kwamba kosa lipo tu kama ujumbe ulisikilizwa kabla mwenyewe hajausikiliza. Kwa tafsiri hiyo majina kwenye kurasa 11,000 yanayeyuka. Mahakama ya Rufani iliikataa tafsiri hiyo mwaka 2013. Kila mara ofisi inapotoa idadi ndogo, uliza: mnamwita nani mwathirika, na nani aliamua maana hiyo, tarehe ngapi?

Mahali waandishi wazuri walipojikwaa

Taarifa ya 4 Julai 2011 kuhusu Milly Dowler ilikuwa kweli katika kiini chake, lakini ilisema pia kwamba watu wa gazeti walifuta ujumbe na hivyo kuwapa wazazi matumaini ya uongo. Desemba mwaka huo polisi walieleza kwamba huenda mtambo wa simu ulijifutia wenyewe ujumbe baada ya saa 72, na The Guardian lilisahihisha. Kosa hilo moja lilitumiwa kwa miaka na waliotaka kufuta habari yote. Tenganisha kitendo ulichokithibitisha (wamesikiliza) na matokeo unayoyadhani (wamefuta). Viwe mistari miwili kwenye jedwali, kila mmoja na chanzo chake.

Mfano wa pili: Aprili 2012 tume ilitoa kurasa 163 za baruapepe za Frédéric Michel, aliyekuwa akiishawishi serikali kwa niaba ya News Corporation. Humo aliandika kana kwamba anaongea na Hunt mwenyewe. Aliyekuwa akiongea naye zaidi ni Adam Smith, mshauri maalumu wa waziri, ambaye alijiuzulu kesho yake. Mshawishi hulipwa kwa kuonyesha kwamba ana njia ya kufika juu, kwa hiyo hukuza. Barua yake ni ushahidi wa alichomwambia bosi wake. Ili iwe ushahidi wa alichosema waziri, tafuta upande wa pili wa mazungumzo.

La tatu ni kuhukumu kwa ujirani. Coulson alitiwa hatiani Juni 2014 na kufungwa miezi 18. Brooks aliachiwa huru kwa mashtaka yote, siku ileile. Wallis aliachiwa na baraza la mahakama mwaka 2015. Leveson mwenyewe hakukuta ufisadi ulioenea kati ya polisi na magazeti, ingawa alikuta wanasiasa wamekuwa karibu na magazeti kupita kiasi. Mwongozo ambao hauna safu ya "matokeo mahakamani" utawadhulumu watu, na ni haki washtaki. Tumia maneno matatu na usiyachanganye: *ukaribu* kama walikutana, *mgongano wa maslahi* kama mmoja alikuwa na uamuzi juu ya mwingine, *rushwa* kama mahakama imesema hivyo.

Linda waliokupa habari

Somo hili limewaumiza wengi. News Corporation ilipotaka kujisafisha, kamati yake ya ndani iliwakabidhi polisi baruapepe na kumbukumbu za malipo za waandishi wake. Uchunguzi ulioitwa Elveden ukawanasa watumishi wa umma waliouza au kutoa habari. Waandishi wengi walioshtakiwa waliachiwa, watumishi wengi walifungwa. Gazeti lilisema, chanzo kikaingia jela.

Kwa hiyo usihifadhi jina la chanzo kwenye jedwali. Tumia namba, na ufunguo wa namba uandike kwa mkono, uuweke nje ya ofisi. Usitumie baruapepe ya mwajiri kwa mawasiliano hayo, kwa sababu ni mali yake na siku moja anaweza kuigawa. Usimlipe mtumishi wa umma hata nauli. Nyaraka ukiipata, ondoa taarifa zilizofichika kwenye faili, au ichape upya, kabla haijamwona mtu wa tatu.

Kabla ya kuchapisha, na baada yake

Mpelekee kila unayemtaja maswali kwa maandishi, ukimpa angalau siku tano za kazi, na umwekee mistari inayomhusu tu. Uliza vitu vya kujibika: ulilipiwa na nani, uliiandika kwenye rejesta tarehe ngapi, ulimwarifu nani aliye juu yako kicheo. Jibu lake liingie habari nzima nzima, si nusu sentensi. Akikaa kimya, andika tarehe na njia uliyomwuliza.

Kisha usifunge jedwali. Leveson alikuwa amepangiwa sehemu ya pili, ambayo ingechunguza hasa mambo yaliyotokea ndani ya gazeti na uhusiano wake na polisi, baada ya kesi za jinai kumalizika. Tarehe 1 Machi 2018 waziri Matt Hancock alitangaza kwamba haitafanyika. Mwaka 2021 jopo huru lililochunguza mauaji ya mpelelezi binafsi Daniel Morgan, aliyeuawa London tarehe 10 Machi 1987, lilisema polisi wa jiji hilo wana ufisadi wa kitaasisi, na sehemu ya ripoti yake inahusu biashara ya habari kati ya wapelelezi, polisi na waandishi. Mistari ya 2002 na 2006 iliyokuwa imepauka ikapata viambatisho vipya. Kwenye safu ya uamuzi ya mistari hiyo, andika "haijachunguzwa", weka tarehe ya 1 Machi 2018, na jina la aliyeamua.